Lori Ambalo Sikulirukia

Zaitun mwanangu,

Umetoka kwenda Pajulu kuwaaga rafiki zako, na nyumba imenyamaza mpaka nasikia jirani anavyokwangua sufuria. Ni saa tisa alasiri. Nimekaa kwenye meza yangu ya kusahihishia madaftari ya wanafunzi, na sanduku lako liko mlangoni, limefungwa kamba mara mbili kana kwamba lenyewe ndilo lenye mpango wa kutoroka. Nimeona niandike sasa hivi, maana ukirudi nitaanza utani, na nikianza utani sitasema kitu.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji wala za kuangalia simu yako stendi. Hayo umeshaambiwa na nyanya yako, Haboba Asha, kwa Kiswahili, kwa Kinubi na kwa kugombezwa. Habari za umeme unaokwenda kuusomea huko Jinja siziwezi. Mimi hata balbu naibadilisha huku nasoma dua. Ninalotaka kusema linatokana na maneno uliyoyatoa Jumapili ukiwa unakunja nguo. Ulisema, "Baba, mimi nachomoka tu na basi ya saa kumi na mbili. Haboba akikuja kutoka Koboko, akute mimi nimekwenda zamani. Sisi iko watu ya kuruka, kama wewe na lori yako." Ukacheka. Mimi nikacheka pia, halafu nikatoka nje nikajifanya natafuta ndoo.

Sikuwa natafuta ndoo. Nilisimama nyuma ya jiko nikaona aibu, aibu ya mtu mzima. Kwa sababu umeamua kumkimbia Haboba Asha bila kumuaga, na aliyekufundisha kwamba huo ni ushujaa ni mimi.

Unajua kazi yangu. Siku za shule nafundisha, na Jumamosi watu wa mji huu wananisikia redioni nikisoma visa vyangu vya vita vya zamani: askari waliokuja kutoka Sudani na bunduki za kushindilia, wapelelezi, wafungwa waliotoroka, wake zao waliowafuata porini. Unalijua pia lile boksi nililolikata na kulibandika ukutani juu ya meza hii, nililoliandikia kwa wino mwekundu: kuruka, kuchupa, kuchomoka, kukurupuka, kuchurupuka, kufyatuka, kutimka, kujitosa. Hiyo ndiyo ghala yangu ya silaha. Hadithi ikianza kusinzia naangalia juu, nachagua moja, namtupia askari wangu. Mlinzi anakohoa, askari anachomoka. Taa inazimika, mfungwa anachurupuka. Daraja linavunjika, na mtu wetu, alhamdulillahi, anachupa.

Nilijivunia sana ghala hiyo. Nilikueleza ukiwa mdogo kwamba kuchupa kunataka mahali pa juu, kuchomoka kunataka mahali palipokubana, na kukurupuka ni kwa mtu aliyeshtushwa, kwa hiyo shujaa asikurupuke zaidi ya mara moja kitabu kizima, watu watamwona sungura. Tulikuwa na mchezo wetu: mimi nataja neno, wewe unalifanya. Ulichupa kutoka barazani. Ulitimka mpaka kwenye lango. Kujitosa ulifanyia ndani ya beseni la nguo zilizolowekwa, tukafokewa sote wawili.

Ningeshtuka mapema kama ningekuwa na masikio. Kuna kijana mmoja wa Onduparaka, mshabiki wa mpira asiyekosa mechi, alinisimamisha njiani baada ya kipindi. Akaniambia, "Mwalimu, hii askari yako naruka kushinda golikipa yetu. Yeye hapana choka? Hapana kula? Hapana hata mke ya kumuuliza iko wapi?" Nilicheka, lakini moyoni nilichukia. Nilijiambia huyu anajua nini, huyu ni mtu wa kupiga kelele uwanjani. Mimi baba yako nina majivuno, Zaitun, na majivuno yangu yote yako kwenye maneno. Mtu akiniambia shati langu limechanika sijali, lakini akigusa sentensi yangu silali.

Sasa nikupeleke Koboko, Idd ya mwaka jana. Wewe ulibaki huku kwa ajili ya mitihani, kwa hiyo hukuona yaliyonipata, nami sikukusimulia. Nilikuwa nimemaliza kisa kuhusu babu yako, marehemu baba yangu, katika ile miaka watu wetu walipokimbilia Sudani. Babu yako hakuwa msemaji. Tukimwuliza walivyotoroka alikuwa akijibu, "Tulivuka," basi, anaendelea kula. Sikuwahi kumwuliza alivuka na nani. Nilichukua lile neno lake moja nikalijaza hewa. Katika kisa changu alikuwa kijana wa miaka ishirini, yuko peke yake, askari wanamfukuza kutoka Kuluba, risasi zinapita masikioni, naye anafika ukingoni mwa Mto Kaya uliofurika, anatazama nyuma mara moja, anachupa. Anaibuka ng'ambo. Kurasa mbili, na nilizipenda kurasa zile kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika.

Niliwasomea wakubwa baada ya chakula. Walisikiliza vizuri, wazee wakasema maashallah, mmoja akapiga goti lake kwa kiganja. Haboba Asha alikuwa amekaa mkekani karibu na mlango, anamenya vitunguu vya jioni. Unajua nyanya yako huyo, dada mdogo wa babu yako, hana papara. Alimaliza kitunguu alichokuwa nacho, akaniuliza, "Umesema yeye naruka?"

Nikasema, "Ndiyo, shangazi. Alichupa mtoni."

"Mutu iko na mtoto mgongoni, naweza ruka?"

Nikamwuliza mtoto gani. Akasema, "Mimi. Mimi iko mgongoni yake. Iko na miaka tisa, surua nakamata mimi, macho imefunga, miguu hapana nguvu. Yeye nabeba mimi kutoka nyumbani. Pale kwa mto tunakaa ndani ya matete siku mbili, nangoja maji ishuke. Halafu yeye naingia polepole, polepole, nashika kamba ile watu walifunga kwa mti. Maji iko hapa." Akajigusa kidevu. "Yeye nasema, Asha, vuta nywele yangu, kama mimi nasimama vuta tena. Navuka nusu ya siku. Sasa mwalimu, katika hii hadithi yako, mimi iko wapi?"

Nilikuwa nimeshika daftari langu zuri mbele ya jamaa zangu wote, na ndani ya daftari lile nilikuwa nimemwacha mtoto mgonjwa kwenye matete ili baba yangu aruke vizuri. Hakunilaumu zaidi ya hapo. Alichukua kitunguu kingine. Mimi ndiye niliyeshindwa kula jioni ile, na ujue kulikuwa na pilau.

Nilirudi Arua nikaandika upya. Zile kurasa mbili zikawa kumi na nne. Kila nilipoangalia juu kwenye boksi langu sikupata kitu cha kunisaidia, maana mtu mwenye mzigo anaopenda haruki. Anapima kila hatua, anasimama, anauliza kama uko sawa, anaendelea. Nikajifunza kuandika kusimama. Nikajifunza kuandika kidole cha mguu kinavyotafuta jiwe chini ya maji. Katika kurasa zote kumi na nne, neno la ghafla ni moja tu: kuna ndege anakurupuka kutoka kwenye matete. Ndege yule hana mtu wa kubeba, nikamwachia.

Nilidhani kosa langu limeishia pale, kwamba ni kosa la mwandishi. Ndipo Jumapili ukaja na habari za lori.

Zaitun, sikulirukia lile lori.

Nimeandika mstari huo nikasimama nikaenda kunywa maji, na sasa nimerudi. Wakasema wahenga njia ya mwongo ni fupi. Yangu imefika miaka kumi, na ningeweza kuiongeza mpaka kaburini, kwa sababu hakuna aliyenibana. Najibana mwenyewe.

Ulikuwa na miaka sita, tukiishi kwa Haboba kule Koboko. Mama yako, Mungu amrehemu, alikuwa amefariki mwaka mmoja na kitu kabla, na mimi nilikuwa mtu asiyefaa. Nilikuwa nakuvisha sare nasahau kukuvisha soksi. Ukiniita usiku kwa jina la mama yako nilikuwa najifunika shuka kichwani, Mungu anisamehe. Ikaja nafasi ya kuwa msimamizi wa ghala la vifaa vya ujenzi huko Juba. Niliijua siku ya safari wiki tatu kabla. Wiki tatu nzima, mwanangu. Nilikuwa na muda wa kushona kifungo cha koti. Haboba Asha aliniuliza mara mbili, "Umeambia mtoto?" Nikasema nitamwambia kesho.

Kisha nilifanya jambo baya zaidi. Haboba alikuwa na karanga za kuvuna kule Kuluba, nikamwambia akuchukue ubadilishe hewa, uone shamba. Nilichagua siku hiyo kwa sababu nilijua ndiyo siku ya lori. Mliondoka asubuhi, wewe umevaa kofia ya Haboba inayokufunika macho, ukanipungia mkono ukifikiri tutaonana jioni.

Nikaenda kukaa kando ya barabara na begi langu. Lori lilichelewa karibu saa mbili. Bodaboda zilipita, vijana wananiuliza, "Mzee, twende?" Kwenda Kuluba na kurudi kungewezekana kabisa. Nilijua hivyo nikiwa nimekaa pale, nilikuwa nikihesabu njia kichwani, na kila boda iliyosimama niliikatalia. Niliogopa utalia. Niliogopa kwamba ukilia sitaondoka, na nilitaka kuondoka. Lori likafika, likasimama vizuri kabisa, dereva akashuka akanawa uso, akanywa chai. Mimi nikapanda nyuma nikishikilia kamba, taratibu, kama mtu anayepanda kitandani kwake.

Jioni mlirudi. Haboba aliniambia baadaye kwamba ulikuwa umenichagulia karanga kubwa kubwa ukazibeba kwenye pindo la gauni. Ukaziweka kwenye mkebe, ukakataza mtu yeyote asizile, mpaka zikaingia wadudu.

Niliporudi ulikuwa na miaka kumi. Ulipiga magoti ukanisalimia kama unavyomsalimia mgeni wa Haboba. Baada ya siku tatu ulipata ujasiri wa kuniuliza, "Kwa nini hukuniaga?" Nami nikafanya ninachojua kufanya. Nikapiga chuku. Nikasema lori lilitokea ghafla, dereva hakutaka kusimama, nikakurupuka, nikatimka nyuma yake, nikalirukia, kandambili moja ikaanguka barabarani. Sikuwa na kandambili hata. Nilikuwa na viatu vya kufunga, na kamba zake nilizifunga vizuri. Lakini niliona macho yako yakiwaka, na kwa mara ya kwanza tangu nirudi ulinisogelea, ukaniuliza, "Kandambili ya mguu gani?" Nikasema wa kushoto.

Tangu siku ile ukawa unaniomba nikusimulie. Uliliandikia lori hilo insha shuleni. Mimi nikawa baba tena kwa njia hiyo, kwa lori la uongo, na sikuwa na moyo wa kushuka.

Neno la ghafla lina raha yake, na mimi ndiye ninayejua, maana nimelila miaka mingi. Halimpi mtu nafasi ya kuuliza. Askari akishachupa, nani atamwuliza jana yake alikuwa akiwaza nini, nani alimwita akakataa kugeuka? Tunaporuka tunaonekana hatukuchagua. Ndiyo maana nikalipenda kwenye vitabu, na ndiyo maana nikalihitaji kwenye maisha.

Baada ya ile Idd nilimwuliza Haboba kwa nini alinyamaza miaka yote hii akisikia uongo wangu. Akasema, "Mtoto nataka baba. Wewe napatia yeye baba ya kuruka, yeye nafurahi. Mimi nitafanya nini? Hiyo kazi ya kusema iko yako, hapana yangu." Halafu akanipa samaki wa angara wakavu nikuletee. Wewe uliwala, na mimi sikusema.

Usinielewe vibaya, sikufundishi kuwa kinyonga. Kuna siku ya kuruka. Nakumbuka ulipokuwa na miaka kumi na miwili, mtoto wa jirani alipoingia barabarani na boda inakuja. Nilikuwa nimesimama mlangoni na mdomo wazi, mimi mwenye maneno yote manane ukutani, na wewe ulikuwa umeshafika, umeshamvuta, umeshamrudisha kwa mama yake. Hukunisimulia hata mara moja. Mikono yako inajua yenyewe, na nafurahi kuwa unaipeleka kwenye kazi ya umeme, ambao nasikia haumngoji mtu amalize sentensi. Sina hofu nawe kwa mambo ya ghafla. Hofu yangu ni kwa yale mambo yenye muda, ambayo mtu anaweza kukaa nayo saa mbili kando ya barabara na bado akayakosea.

Kesho ni moja ya hayo. Haboba Asha ataswali alfajiri, atapanda gari Koboko, gari litangoja lijae, magoti yake yataumia njiani, na barabara ikimhurumia atakuwa hapa saa nne. Basi lako ni la saa kumi na mbili. Leo asubuhi nilipita stendi nikauliza. Kuna basi la saa nane mchana, nafasi zipo, na karani amesema unaweza kubadilisha tiketi mpaka magharibi ya leo, pale dirishani. Sikuibadilisha. Nilitaka, nilikuwa nimeshafungua mdomo, kisha nikakumbuka siku niliyokupangia safari ya Kuluba bila kukuambia kwa nini.

Atalia, hilo nakuhakikishia. Atakushika mkono na hatauachia, atarudia yale yale ya maji ya kuchemsha, atakulaza kichwa mapajani kama una miaka sita, na wewe utalia pia na uso utavimba, na utapanda basi ukiwa hivyo mbele za watu. Itachukua muda mrefu na hakuna sehemu ya kuiruka. Mimi niliikwepa na nikadhani nimeokoka. Zaitun, nilikukosa. Nilikukosa ukiwa na miaka sita, saba, nane, tisa, na hata wewe, na moyo wako wote huo, huna namna ya kunirudishia.

Ukichagua alfajiri, nitakuamsha mwenyewe, nitabeba sanduku mpaka stendi na nitakupenda vile vile. Haboba akifika nitamkaribisha, nitamwambia mtoto amejifunza kwangu, na sitasema kwamba ilitokea ghafla. Lakini nakuomba. Akina baba wa kwetu huamuru, mimi nakuomba: mngoje.

Na kama umenikasirikia, una haki ya hasira hiyo, usiibebe Jinja. Nipe hapa. Barua hii sikuiweka kwenye sanduku uikute mbali, ambako nisingeuona uso wako. Nasikia lango linafunguliwa. Nitakupa mkononi, kisha nitakaa kiti cha mbele yako, na sitaondoka mpaka umalize kusoma.

Baba yako